Ufa Unapokosa Kizuizi

Zima taa, simama mbele ya kioo, kisha mulika meno yako ya mbele kwa tochi ya simu, mwanga ukitokea ubavuni. Ukiwa mtu mzima, huenda ukaona mistari myembamba ikishuka kutoka ncha ya jino kuelekea ufizini. Hizo ni nyufa. Haziumi, na daktari wa meno akiziona kwa kawaida huendelea na kazi yake bila kuzigusa. Jino lenye nyufa hizo limekula ugali miaka nenda rudi, limeng'ata muwa, limetafuna mifupa ya kuku, pengine limefungua na chupa mbili tatu za soda, nalo bado limesimama.

Mazungumzo yetu kuhusu meno huanzia pasipostahili. Tangazo la dawa ya meno husifu weupe, na mzee akitaka kusifia meno yake husema ni magumu. Weupe hauhusiani na nguvu, na ugumu peke yake haujawahi kuliokoa jino, kwa sababu kitu kigumu sana kinaweza pia kuwa chepesi kupasuka. Nguvu ya jino ni uwezo wa kuishi na nyufa: kuziacha zianze, kuzipoteza njia, kisha kuzisimamisha kabla hazijafika pabaya. Uwezo huo una sehemu zake, na kila sehemu inaweza kupungua. Ndiyo maana jino la binadamu ni nadra kuangushwa na pigo moja. Siku linapovunjikia kwenye tonge, huwa limekwisha kudhoofika kwa miaka mingi, mara nyingi kwa mambo yasiyohusiana kabisa na kung'ata.

Kazi inayofanyika ndani

Tabaka la nje la jino huitwa enameli. Kwa uzito, takribani asilimia 96 yake ni madini, hasa fuwele za kalsiamu na fosfeti zijulikanazo kama haidroksiapataiti. Kinachobaki ni maji na protini kidogo. Katika mwili wa binadamu hakuna kitu kigumu kuliko enameli. Kwenye vilele vya magego unene wake hufika milimita 2.5 hivi, kisha hupungua hadi kuwa wembamba sana karibu na ufizi. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na hunyumbulika kidogo inapobanwa.

Kama madini hayo yangekuwa bonge moja, yangepasuka kwa urahisi. Haidroksiapataiti inayotoka ardhini huhimili ufa kwa kiwango cha chini sana kuliko enameli, ingawa kemia ya viwili hivyo inakaribiana. Tofauti iko kwenye mpangilio. Enameli imejengwa kwa vijiti vyenye upana wa mikromita 5 hivi, vinavyoanzia kwenye mpaka wa dentini hadi karibu na uso wa jino, na kila kijiti ni fungu la maelfu ya fuwele nyembamba mno. Karibu na uso, vijiti hivyo vimenyooka sambamba. Ukizama ndani, makundi ya vijiti huanza kupishana, moja likielekea kulia na linalofuata kushoto. Aliyewahi kupasua kuni anaujua mwenendo huu: gogo lenye nyuzi zilizonyooka hufunguka kwa shoka moja, lakini penye fundo, nyuzi zikiwa zimepindana, shoka hunasa. Ufa unaoingia kwenye enameli hukutana na hali hiyohiyo. Nje hukimbia. Ndani hulazimika kupinda na kugawanyika, ukitumia nguvu nyingi kwa hatua fupi. Vipimo vya maabara vinathibitisha kwamba kadiri ufa unavyosogea kutoka nje kwenda ndani, ndivyo enameli inavyozidi kuukatalia.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba fuwele za kijiti kimoja zote zimeelekea upande mmoja. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Pupa Gilbert wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, ilionyesha kwamba sivyo. Fuwele zilizo jirani zimeachana kwa pembe ya kati ya digrii 1 na 30. Majaribio ya kompyuta yaliyoambatana na kazi hiyo yalionyesha faida yake: tofauti ndogo ya mwelekeo kati ya fuwele na fuwele hutosha kuupotosha ufa, ilhali fuwele zilizolingana kabisa huuacha upite moja kwa moja. Kizuizi kipo hata mahali ambapo hadubini ya kawaida haifiki.

Ugunduzi mwingine ni wa mwaka 2009. Watafiti Herzl Chai, Brian Lawn, Paul Constantino na wenzao waliyakandamiza meno ya binadamu na ya fisi maji wa baharini, wakafuatilia nyufa zinazaliwa wapi. Nyingi hazikuanzia pale jino lilipogusana na kitu kigumu. Zilianzia ndani, kwenye vishungi, yaani kasoro ndogo zenye protini nyingi zilizopangana juu ya mpaka wa dentini tangu jino lilipoundwa. Mtu angetarajia kwamba kasoro nyingi kiasi hicho zingeliangamiza jino. Kinyume chake, kwa kuwa ni nyingi na zimekaribiana, hugawana mzigo, na hakuna moja inayopata nguvu ya kutosha kujitanua peke yake. Nyufa zilizofunguka zilionekana pia kujazwa na majimaji yenye protini. Na ule ufa unaopenya vyote hivyo huwa bado haujafika mwisho, kwani mpaka wa enameli na dentini wenyewe ni wa mawimbimawimbi, na nyufa nyingi huishia hapo.

Basi hesabu ya ulinzi ni hii: vijiti vinavyopishana, fuwele zinazoachana kidogo, vishungi vinavyogawana mzigo, na dentini yenye unyevu inayopokea kishindo chini. Mfumo wote huo unategemea maji na protini, yaani kile kisehemu cha asilimia 4 ambacho hakuna anayekitaja katika sifa za jino.

Kitu kimoja kinakosekana, nacho ni seli. Seli zilizoijenga enameli hupotea jino linapochomoza mdomoni. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikichanika hufunga, lakini enameli iliyomeguka haioti tena. Methali ya ufa na ukuta haifanyi kazi hapa, maana ukuta wa jino hujengwa mara moja tu. Mate yanaweza kurudisha kalsiamu na fosfeti kwenye sehemu iliyoanza kulainika, na floraidi husaidia kazi hiyo. Unene uliokwisha kuondoka haurudishwi na mate, wala hakuna tiba ya kliniki leo inayouotesha upya.

Fuvu la Olduvai

Tarehe 17 Julai 1959, mwanaakiolojia Mary Leakey aliona kwenye Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, mabaki ya fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi takribani miaka milioni 1.75 iliyopita. Magego yake yalikuwa makubwa ajabu, na enameli yake nene kuliko yetu. Akapewa jina la utani la Mvunja Njugu, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba meno yale yalikuwa kwa ajili ya kuvunja vitu vigumu.

Ushahidi wa baadaye ulilitia shaka jina hilo. Peter Ungar na wenzake walichunguza mwaka 2008 mikwaruzo midogo kwenye meno ya viumbe wa aina hiyo, wasione alama zinazotarajiwa kwa mvunja njugu. Mwaka 2011 uchambuzi wa kaboni kwenye enameli ya visukuku kutoka Kenya, ulioongozwa na Thure Cerling, ulielekeza kwenye mlo wa nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Kwa maelezo hayo, enameli nene ilikuwa akiba ya kutafuna kwingi, siku baada ya siku, chakula kinachosaga jino taratibu. Mzigo mdogo unaorudiwarudiwa ndio uliolitaabisha jino zaidi ya pigo kubwa la nadra, na hali hiyo haijabadilika.

Ni rahisi kulitumia fuvu kama hilo kusimulia kwamba wahenga walikuwa na meno mazima, na kwamba uharibifu wote umeletwa na maduka. Simulizi hiyo ni tamu, lakini ushahidi unaikata. Katika pango la Taforalt, Morocco, wawindaji na wakusanyaji wa zaidi ya miaka 13,000 iliyopita walikuwa na meno yaliyotoboka kwa wingi. Zaidi ya nusu ya meno ya watu wazima yaliyochunguzwa yalikuwa na dalili za kuoza, na watafiti walihusisha hali hiyo na mbegu zenye wanga walizokuwa wakila. Kwa Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Alyssa Crittenden na wenzake ulikuta picha isiyotarajiwa: wanawake waliohamia mlo wa kijijini walikuwa na meno mabovu zaidi kuliko wenzao wa porini, lakini kwa wanaume ilikuwa kinyume. Asali, ambayo wanaume wa porini huila kwa wingi, ilitajwa kuwa miongoni mwa sababu.

Kilichobadilika katika zama zetu ni idadi. Zamani kitu kitamu kilifika mdomoni kwa msimu au kwa bahati. Leo kinafika kila saa, kwa bei ya chini, na kwa mtoto ambaye hata magego yake ya kudumu hayajachomoza. Fuvu la Olduvai limekaa ardhini miaka milioni 1.75 na meno yake yangali yanasomeka. Jino la kijana wa mjini linaweza kwisha kabla hajafika miaka 40. Ardhini hakuna bakteria wanaolishwa sukari mara kumi kwa siku.

Deni la utotoni

Kupungua kwa uwezo wa jino kunaweza kuanza kabla halijaonekana. Enameli ya meno mengi ya kudumu hujengwa kati ya kuzaliwa na umri wa miaka 8 hivi, kwa kiasi cha mikromita chache kwa siku. Chochote kinachoivuruga kazi hiyo huandikwa ndani ya jino na hakifutiki.

Afrika Mashariki ina mfano wake mkubwa. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huyapa maji ya ardhini floraidi nyingi, na ndiyo sababu watu waliokulia Arusha, kandokando ya Mlima Meru, sehemu za Kilimanjaro au Nakuru hutambulika kwa meno ya kahawia. Si wao peke yao duniani. Daktari wa meno Frederick McKay aliyakuta meno ya namna hiyo Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, na ilichukua miaka 30 hadi mkemia H. V. Churchill alipoitambua floraidi kwenye maji kuwa chanzo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa kukosa vyanzo vingine vijijini, iliwahi kuvumilia hadi miligramu 8. Magadi ya kulainishia maharage na makande huongeza dozi katika baadhi ya maeneo, hivyo hata nyumba iliyobadili kisima inaweza kuendelea kuipokea floraidi kwenye sufuria.

Watu huona rangi, na rangi ndiyo inayowaumiza moyo, hasa vijana wanaofunika mdomo wanapocheka. Rangi hiyo huingia baadaye, kutoka kwenye chakula na vinywaji. Tatizo la msingi liko chini yake: enameli iliyojengwa kwenye floraidi nyingi hubaki na vinyweleo, madini pungufu na protini ambayo ilipaswa kuondoka. Kwenye hali kali, uso wa nje hubanduka vipande vipande miaka ya mwanzo ya kutafuna, ukiacha mashimo. Lakini floraidi hiyohiyo, kwa dozi ndogo ya dawa ya meno, huisaidia enameli kukataa asidi. Kinachoamua ni kiasi na umri. Mtu mzima aliyehamia Arusha hawezi kupata meno ya kahawia kwa maji ya huko, kwa sababu meno yake yalikwisha kuundwa. Mtoto wake mchanga anaweza.

Mfano wa pili unatokana na mikono ya watu. Katika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani bado kuna imani kwamba mtoto mchanga anayeharisha au kushikwa na homa ana "meno ya plastiki". Ufizi hukatwa, na vichipukizi vya machonge ya utotoni huchokolewa. Mbali na hatari ya kuvuja damu na maambukizi, chombo hicho hugusa mahali ambapo chonge la kudumu linaundwa. Miaka kumi baadaye jino hilo huchomoza likiwa na enameli yenye mabonde au lililopinda, na wakati mwingine halichomozi kabisa. Hapo hakuna anayekumbuka kuihusisha kasoro hiyo na siku ile ya homa.

Kuna pia magego ya miaka sita yanayochomoza yakiwa tayari na mabaka meupe, ya manjano au ya kahawia, yanayomeguka mapema. Hali hiyo ilipewa jina rasmi la kitabibu mwaka 2001, na makadirio ya dunia huiweka kwenye zaidi ya mtoto mmoja kati ya kumi. Magonjwa na homa za miaka ya mwanzo hutajwa miongoni mwa visababishi. Mzazi huambiwa mtoto hapigi mswaki. Wakati mwingine mtoto anapiga, ila alianza na enameli isiyokamilika.

Asidi haipigani kama ufa

Ulinzi wote tuliouona dhidi ya ufa ni ulinzi wa nguvu dhidi ya nguvu. Asidi haiingii kwa njia hiyo. Inayeyusha vijiti vyenyewe, na kijiti kilichoyeyuka hakina cha kupishana nacho.

Kiwango cha hatari kwa enameli ni pH ya 5.5 hivi. Soda za kola ziko karibu na 2.5, na maji ya limau hayako mbali na hapo. Sukari haina asidi yenyewe, lakini bakteria wa kwenye ukoga huila na kutoa asidi. Katika miaka ya 1940 mtafiti Robert Stephan alionyesha kwamba dakika chache baada ya sukari kuingia mdomoni, pH kwenye ukoga huporomoka chini ya kiwango cha hatari, kisha mate huchukua nusu saa au zaidi kuirudisha. Kutokana na matokeo hayo unaelewa kwa nini kiasi cha sukari kinazidiwa umuhimu na mara ngapi inaliwa. Kijana wa kijiweni anayenunua soda moja saa nne asubuhi na kuionja hadi saa saba ameweka meno yake kwenye asidi kwa saa tatu. Mwenzake aliyeimaliza pamoja na chakula ametumia sukari ileile, na mate yake yamepata muda wa kufanya kazi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na maabara ya Derk Joester, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, uliingia ndani ya fuwele moja moja na kukuta kiini chake kina magnesi, sodiamu na kaboneti zaidi kuliko maganda yake. Kiini hicho huyeyuka kwa urahisi zaidi. Asidi ikipata mlango, fuwele huweza kuliwa kutoka katikati huku umbo la nje likiendelea kuonekana zima. Jino linaweza kudhoofika huku kioo kikisema liko salama.

Baada ya asidi huja msuguano. Uso uliolainika ukipigwa mswaki papo hapo huondoka kwa urahisi, na ukisuguliwa kwa mkaa au majivu huondoka haraka zaidi. Mtu anayefanya hivyo akitafuta weupe atapata weupe wa muda, kisha manjano ya dentini itaanza kujitokeza, naye atasugua zaidi. Embe bichi lenye chumvi na pilipili au ukwaju wa kumumunya si adui kwa yule anayekula mara moja na kusukutua kwa maji. Ganzi inayofuata ni taarifa ya haki kwamba enameli imepungua mahali fulani.

Mate ndiyo mlinzi pekee wa kudumu, nayo hupungua kwa sababu nyingi: usingizi, baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za msongo wa mawazo, kisukari kisichodhibitiwa. Miraa hukausha mdomo, na watafunaji wengi huituliza kiu hiyo kwa soda au chai ya sukari usiku kucha. Hapo jino hupokea asidi saa zilezile ambazo mate yako chini kabisa.

Sasa chukua changarawe moja iliyojificha kwenye wali. Mtu anatafuna kwa nguvu ya kawaida, gego la juu na la chini yanakutana juu ya jiwe dogo, na nguvu yote iliyokusudiwa kusambaa kwenye tonge inaingia kwenye nukta moja. Kwenye jino zima, ufa unaweza kuanza ndani kwenye kishungi, ukapanda kidogo, ukanasa kwenye vijiti. Mtu anatema jiwe, anamlaumu aliyechagua mchele, na maisha yanaendelea. Kwenye jino lililopoteza unene kwa asidi, hesabu inabadilika, kwani mzigo unaohitajika kuanzisha ufa hushuka haraka kuliko unene wenyewe unavyoshuka. Changarawe ni ileile na taya ni lilelile. Kilichoondoka ni kizuizi.

Ugumu unaoongezeka na nguvu inayopungua

Hata anayekwepa yote hayo hawezi kukwepa miaka. Kadiri umri unavyosogea, tabaka la nje la enameli hupokea madini zaidi kutoka kwenye mate na hupoteza sehemu ya maji na protini zake. Vipimo vya maabara ya Dwayne Arola nchini Marekani vilionyesha kwamba enameli ya nje ya watu wenye umri mkubwa ni ngumu kuliko ya vijana, na papo hapo ni nyepesi zaidi kupasuka. Pengine hakuna ushahidi unaosema wazi zaidi kwamba ugumu na uimara ni vitu viwili: kimoja kinapanda na kingine kinashuka kwenye jino lilelile. Dentini nayo hujaa madini kwenye mirija yake na kupunguza uwezo wake wa kunyumbulika, hivyo kituo cha mwisho cha ufa hakiaminiki tena kama zamani.

Matibabu yenyewe huongeza sehemu yake. Tundu kubwa likizibwa, kuta za jino zilizobaki pembeni huwa nyembamba na hazishikamani tena juu. Kila tonge huzitanua kidogo. Mwaka 1964 daktari Cameron alieleza hali ambayo madaktari wa meno wanaifahamu vizuri leo: mgonjwa ana maumivu makali ya ghafla anapotafuna upande mmoja, picha ya eksirei haionyeshi kitu, na mara nyingi maumivu humjia pale anapoachia, si pale anapong'ata. Ufa umeshapita enameli na kuingia dentini, na pande zake husogea kila taya linapofunga na kufunguka. Anayesaga meno usingizini hufanya hivyo pasipo chakula chochote.

Kisha kuna hesabu ya mzigo. Gego moja likiondolewa, kazi yake haiondoki. Huhamia kwa majirani ambao nao wamekwisha kuliwa na asidi na umri uleule. Ndiyo sababu kwa wengi, jino la kwanza kung'olewa huchukua miaka mingi, na yanayofuata huondoka kwa kufuatana.

Koleo au saruji

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, wakiwamo bilioni 2 hivi wenye meno ya kudumu yaliyooza bila kutibiwa. Watatu kati ya kila wanne walioathirika wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Katika hospitali nyingi za umma za Afrika Mashariki, mgonjwa hufika jino likiwa limekwisha kuuma kwa wiki kadhaa, na huduma iliyopo na anayoimudu ni kung'oa. Mgonjwa hajakosea kwa kuchelewa, kwani ufa ulioishia kwenye enameli na tundu dogo haviumi. Maumivu kwa kawaida huanza enameli ikiwa imekwisha kuvukwa.

Jambo linalopaswa kuisumbua mipango yetu ya afya ni kwamba njia ya katikati ilizaliwa hapahapa. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake, kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianza kutibu meno kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme wala mashine ya kutoboa. Sehemu laini iliyooza hukwanguliwa, kisha tundu huzibwa kwa saruji ya meno inayoshikamana na jino na kutoa floraidi taratibu. Mbinu hiyo ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe, na Shirika la Afya Duniani likaiunga mkono mwaka 1994. Mwaka 2021 saruji ya aina hiyo na dawa ya meno yenye floraidi ziliingizwa kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Hakuna sababu ya kitaalamu ya kuikosa kwenye kituo cha afya chenye koleo. Sababu zilizobaki ni za manunuzi, mafunzo na mazoea.

Mazoea ndiyo mazito zaidi. Kung'oa ni haraka, humaliza maumivu siku hiyohiyo na huhesabika vizuri kwenye taarifa ya mwezi. Kuziba tundu lisilouma kunahitaji mtu aende shuleni kumtafuta mtoto ambaye hajalalamika. Kadhalika kupima floraidi ya kisima kabla ya kukikabidhi kijiji hakuna sherehe ya uzinduzi, na mama anayeelezwa kwamba "meno ya plastiki" hayapo anahitaji muuguzi mwenye dakika kumi za kukaa naye.

Kwa kuwa enameli haioti tena, lengo la kweli haliwezi kuwa kuyarudisha meno yalivyokuwa. Linaloweza kufanyika ni kuchelewesha, na kuchelewesha kuna mahali pake: kwenye maji na mwili wa mtoto kabla hajafikisha miaka 8, kwenye saa zinazopita kati ya kinywaji kitamu na kingine, na kwenye tundu likiwa bado dogo. Kila hatua baada ya hapo ni ghali zaidi na huokoa kidogo zaidi. Bajeti inayonunua koleo mwaka baada ya mwaka huku ikikosa saruji haijabana matumizi. Imechagua kuingia mwishoni, pale ambapo hakuna kizuizi kilichobaki cha kulinda.